Tulipoacha kumlazimisha ndipo alipoanza kula mboga

Mwanangu alipoanza kulishwa vyakula vya kuponda, akiwa na miezi sita, hakuwa na neno. Boga alikula, karoti alikula, njegere alizidaka kijiko kikiwa bado njiani. Tukajisemea tumepata mtoto mwepesi wa kula. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu hivi, mambo yakageuka. Akakataa njegere, wiki chache baadaye akakataa boga, kisha kila chenye rangi ya kijani kikawa hakipiti. Alipotimiza miaka miwili alikuwa amebaki na wali mweupe, mkate, mayai, ndizi na maziwa. Mboga hata akiiona kwenye sahani ya mtu mwingine, anageuza uso.

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye sasa hivi yumo humo, anayepika sufuria mbili tatu kila jioni na bado mtoto analala na maziwa tu tumboni. Mke wangu anafanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namlisha mlo wa jioni. Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe mezani.

Kitu ambacho ningeshukuru sana kuambiwa mapema ni kwamba umri ule una mambo yake. Mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi kubwa, hata uzito wake wa kuzaliwa hufika karibu mara tatu anapotimiza miezi 12. Mwaka wa pili kasi inapungua, anaongeza kama kilo 2 hadi 3 tu kwa mwaka mzima, na hamu ya kula inashuka pamoja nayo. Juu ya hilo, kuanzia kama mwaka mmoja na nusu watoto wengi huingiwa na woga wa chakula wasichokizoea, na woga huo huwa mkali zaidi kati ya miaka 2 na 6. Wataalamu wengi wanauona kuwa kinga ya asili: mtoto ndiyo kwanza ameanza kutembea na kuokota kila anachokiona, na yule anayeshuku jani chungu ana nafasi nzuri zaidi ya kutokula sumu. Mboga ndizo zinazoponzwa na woga huo kuliko vyakula vingine, maana nyingi zina uchungu kidogo, na binadamu huzaliwa akipenda utamu na kukataa uchungu.

Lakini mezani sisi tulimwona mtoto mkaidi, na kila siku tukazidi kumkazania. Mlo wa jioni ulichukua saa nzima na zaidi. Nilianza kwa kumbembeleza, nikaja kwenye kijiko kinachoruka kama ndege, nikaja kwenye katuni za simu ili akizubaa nimtumbukizie, mwisho nikafika kwenye kumshika mikono. Akiliona bakuli tu anabana meno, na machozi yanaanza kabla sijakaa. Kuna jioni aliweka tonge la mboga shavuni kwa muda mrefu, nikadhani amemeza, kumbe anasubiri nigeuke alitemee chini ya kiti. Jioni nyingine alitapika kila kitu, hata kile kidogo alichokuwa amekula kwa hiari yake. Nikishamlaza nakaa jikoni nakwangua sahani, najiona nimeshindwa na kazi ambayo wazazi wengine wote wanaiweza. Mke wangu akirudi asubuhi swali lake la kwanza ni "Amekula?", nami naanza kujitetea. Katika miezi ile tuligombana kwa sababu ya chakula cha mtoto kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi kipindi hicho. Ni mwanamke aliyelea watoto wengi na wote wakakua, kwa hiyo neno lake lina uzito. Aliniambia, "Baba, mtoto haulizwi. Mshike, mpe, atazoea." Nilimheshimu na bado namheshimu, na kwa kweli sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha. Tukamlisha kwa zamu. Mtoto akazidi kukonda uso, nasi tukazidi kushika vijiko.

Kisha tukaingia kwenye biashara ya ahadi. Vijiko vitatu vya njegere, halafu upate biskuti. Siku za mwanzo ilionekana imefaulu, kwa sababu alimeza akiwa amefumba macho na biskuti akapata. Baada ya muda akawa anaulizia biskuti tangu asubuhi, na njegere anazitazama kwa chuki ambayo hakuwa nayo mwanzo. Baadaye nilisoma kazi za Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, nikaona kilichotokea nyumbani kwetu kimeelezwa humo. Mtoto akilipwa kitamu ili ale kitu fulani, anajifunza kwamba kitu hicho lazima kiwe kibaya, la sivyo asingelipwa. Na kile kitamu kinapanda thamani.

Kuhusu kuficha mboga nina msimamo, na najua wengi hawaupendi. Nilisaga spinachi nikaichanganya chini ya wali, nikafunika kwa wali mweupe juu. Alikula vijiko viwili, ulimi ukasimama. Akautoa nje polepole, akachukua kipande cha jani kwa kidole, akakitazama, akakiweka pembeni ya sahani. Halafu akaisukuma sahani yote. Wali, ambao ulikuwa ndio chakula chake cha uhakika, aliukataa kwa wiki kadhaa, na akawa anaupekuapekua kwa uma kila akipewa. Kwa mtoto mwenye vyakula vitano, kupoteza kimoja ni hasara kubwa. Kusaga boga ndani ya supu sina ugomvi nako hata kidogo, mradi mtoto aambiwe supu ina boga na alione boga lenyewe likikatwa. Kumvizia ndiko ninakokukataa. Hata anapokula mboga asiyoijua, ulimi haujajifunza lolote kuhusu ile mboga ikiwa wazi kwenye sahani.

Kilichotutoa huko kilianza kwa daktari wa watoto, na hakikuhusu mboga. Alimpima uzito na urefu, akaweka alama kwenye chati ya ukuaji, akatuonyesha kwamba alama zake zote tangu kuzaliwa zinafuata mstari ule ule. Ni mtoto mwembamba, lakini anakua. Hilo peke yake lilinishusha mzigo. Halafu akauliza, "Anakunywa nini?" Tukatazamana. Akatutuma nyumbani tukaandike kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto kwa siku kadhaa, chakula na kinywaji, saa na kiasi. Kama kuna jambo moja mzazi anaweza kulifanya leo bila gharama yoyote, ni hilo. Andika kila kitu, hata kipande cha mkate alichopewa na jirani, hata funda la juisi.

Karatasi ilitufumbua macho. Chupa ya maziwa akiamka, nyingine baada ya usingizi wa mchana, nyingine nikiwa napika ili atulie, nyingine ya kulalia, na akishtuka usiku nyingine. Ilikuwa karibu lita moja kwa siku, achilia mbali juisi. Mtoto alikuwa anakaa mezani ameshiba. Daktari akaeleza kwamba mtoto aliyepita mwaka mmoja anatosheka na maziwa ya ng'ombe kama nusu lita kwa siku, na isizidi mililita 700 hivi. Juisi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, ikiwepo isizidi mililita 120, na isipokuwepo hakosi kitu. Maziwa yana madini ya chuma kidogo sana, yanajaza tumbo, na yakizidi yanazuia mwili kufyonza chuma kutoka kwenye vyakula vingine. Alipimwa damu, chuma ikaonekana iko chini, akaandikiwa dawa ya matone. Upungufu huo wenyewe unaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kula, na hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Neno moja la tahadhari: dawa ya chuma isinunuliwe kwa kukisia, na iwekwe mbali na mikono ya watoto, maana ikizidi ni sumu kwao.

Kupunguza maziwa kulikuwa kugumu kuliko mboga zote zilizofuata. Tuliondoa kwanza chupa ya usiku, kisha ile ya wakati wa kupika. Maziwa yakahamia kwenye kikombe, yakawa yanatolewa pamoja na chakula, na kati ya mlo na mlo ni maji tu. Vitafunio tukaviwekea saa. Kabla ya hapo mtoto alikuwa anatafuna kidogo kidogo kutwa nzima. Sasa akawa na milo mitatu na vitafunio mara mbili, na katikati muda wa saa mbili na nusu hadi tatu bila kitu. Alilia. Alilia usiku, akalia nikiwa napika, akaja na chupa tupu mkononi akaniwekea miguuni. Anayepanga kufanya hivi achague wiki ambayo hana safari wala wageni, na watu wote wa nyumba wawe wamekubaliana. Mmoja akilegea siku ya tatu, kilio chote kilichotangulia kimepotea bure. Mwishoni mwa wiki ya pili nilimsikia akisema "njaa" kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

Njaa ilimleta mezani, lakini haikumfanya ale karoti. Hapo ndipo mtaalamu wa lishe tuliyeelekezwa kwake alipotueleza mgawanyo wa kazi ambao Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, amekuwa akiufundisha tangu miaka ya 1980. Mzazi ndiye anayeamua chakula gani kinapikwa, kinaliwa saa ngapi na wapi. Mtoto ndiye anayeamua kama atakula, na atakula kiasi gani. Kila mmoja asiingilie kazi ya mwenzake. Ukisoma unaona ni maneno mepesi. Kukaa mezani ukauma ulimi wakati mtoto anakula mkate peke yake ni jambo lingine kabisa.

Tulifanya hivi. Chakula kikawa kimoja kwa wote, sikupika tena sufuria ya mtoto. Ila kila mlo ulikuwa na walau kitu kimoja ambacho nilijua anakila, mkate au wali au yai, ili asikae mbele ya sahani ya vitisho vitupu. Mboga ikawekwa katikati ya meza na kidogo sana kwenye sahani yake. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto ni kijiko kikubwa kimoja cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri, lakini kwa mtoto mwenye woga hata hicho ni kingi. Sisi tulimwekea njegere mbili. Sikusema "kula". Sikusema "onja". Sikusema "mbona dada yako mkubwa wa jirani anakula". Nilikula zangu, nikazungumza naye habari za paka na mvua, na baada ya nusu saa hivi mlo ukaisha, sahani zikaondolewa bila uso wa hasira. Aliyekula kidogo atasubiri kitafunio au mlo unaofuata, na wakati huo haupo mbali.

Mama mkwe hakuridhika. Nilimwomba, "Mama, naomba utuvumilie mwezi mmoja tu tujaribu hivi. Asipopata nafuu, tutarudi kwenye njia yako." Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya baba, mtoto ni wenu. Lakini akilala na njaa mimi sitalala." Na kweli siku za mwanzo alikuwa anasimama mlangoni akitazama. Nilimshukuru kwa sababu hakumpa kitu kwa siri, na bila hilo tusingefika. Nilimsimulia pia utafiti mmoja uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2006: watoto wa umri wa chekechea walipewa supu, wakati fulani wakisukumwa waimalize na wakati fulani wakiachwa. Waliposukumwa walikula kidogo zaidi na kulalamika zaidi. Hakusema kitu, lakini siku ile hakusimama mlangoni.

Wiki zile za kwanza hakugusa mboga kabisa. Napenda niliseme hili waziwazi, kwa sababu wengi huacha hapo hapo. Kilichobadilika kwanza hakikuwa mboga, kilikuwa machozi. Aliacha kulia akiliona bakuli. Akaanza kukaa kitini mwenyewe. Halafu akaanza kuzihamisha njegere kutoka sahani yake kwenda kwenye yangu, kisha akazirudisha, kisha akaibana moja kwa kidole ikapasuka, akacheka ganda lilipobaki kidoleni. Kwa macho ya mtu mwingine huyo ni mtoto anayechezea chakula. Kwangu alikuwa mtoto ambaye kwa nusu mwaka hakuigusa njegere kwa hiari yake.

Hata hivyo kuzoea kwa macho na vidole kuna mwisho wake. Birch na wenzake walilijaribu mwaka 1987: watoto wadogo walipewa matunda wasiyoyajua, mengine kwa kuyatazama tu na mengine kwa kuyaonja. Kuyatazama kuliwafanya wapende sura yake. Ladha ilipendwa pale tu walipoonja. Kwa hiyo ulimi lazima ufike, na kazi ya mzazi ni kuufikisha bila nguvu. Watafiti wengi hutaja mara nane hadi kumi na tano za kuonja kabla mtoto hajakubali kitu kipya, na wengine huhitaji zaidi. Wazazi wengi, sisi tukiwemo, tunaishia mara ya tatu au ya nne na kuandika kwamba mtoto hapendi.

Tulichukua njia iliyopimwa London katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambapo wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 6 waliwaonjesha mboga moja ile ile kila siku kwa siku 14. Tuliifanya nje ya mlo, saa kumi hivi jioni, ana njaa kiasi lakini hajachoka. Kisahani kidogo, vipande vya ukubwa wa ukucha, mboga moja tu. Mimi naonja kwanza. Yeye anaweza kulamba, kugusa kwa ncha ya ulimi, kutafuna na kutema. Nilimpa bakuli la kutemea, la rangi ya bluu, lake mwenyewe. Naamini lile bakuli lilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Mtoto akijua ana njia ya kutoka, anathubutu kuingia. Siku za mwanzo karoti ya kuchemsha iligusa ulimi tu na kutua kwenye bakuli. Baadaye ikawa inakaa mdomoni kidogo. Ikatafunwa, ikatemwa. Kisha kuna siku alitafuna, akalishika bakuli, akafikiri, akameza, akaliweka bakuli chini. Sikupiga makofi. Nilimwambia tu, "Umeonja karoti," akabandika stika yake kwenye karatasi ukutani, tukaondoka mezani.

Kuhusu stika: ni zawadi, lakini si chakula, na inatolewa kwa kuonja tu, si kwa kumaliza. Hapo ndipo tofauti yake na ile biskuti ilipo. Baada ya muda mwenyewe alizisahau, nasi hatukumkumbusha.

Upishi nao una sehemu yake kubwa, na hapa nitakaa kidogo, maana watu wanaishia kwenye malezi wakasahau sufuria. Uchungu anaousikia mtoto si wa kubuni. Mwaka 1931 mwanakemia Arthur Fox wa Marekani alikuwa anashughulika na unga fulani wa kemikali, ukapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu mno wakati Fox mwenyewe hakusikia ladha yoyote. Ikaja kujulikana kwamba tofauti hiyo inarithiwa, na inahusiana na jinsi mtu anavyousikia uchungu wa mboga za jamii ya kabichi. Nyumbani kwetu mke wangu anasema brokoli ni chungu, mimi siusikii uchungu huo kabisa. Huenda mtoto amefuata ulimi wa mama yake, nami nilikuwa namlazimisha kwa kipimo cha ulimi wangu.

Kabichi, koliflawa na brokoli zikichemshwa muda mrefu hutoa ile harufu nzito ya salfa, na zinalainika hadi kuwa uji. Nilikuwa nazipika hivyo kwa kudhani mtoto anataka laini. Nilipoanza kuzikata vipande vidogo, kuzipaka mafuta na kuziingiza kwenye oveni yenye moto mkali mpaka kingo zibadilike rangi, zikawa chakula kingine: tamu, kavu, zenye kutafunika. Koliflawa ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa mboga ya kwanza aliyoiomba mwenyewe aongezwe. Asiye na oveni atumie kikaango kipana, mafuta kidogo, moto wa kutosha, na asizirundike. Mafuta hayo yana faida nyingine, kwa kuwa vitamini A inayopatikana kwenye karoti na boga hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa na mafuta. Chumvi acha iwe kidogo. Maharage machanga mtoto wangu anayataka yakiwa bado yanakatika kwa sauti, yakilegea hayataki. Muulize mtoto wako kwa kumpa namna mbili za mboga moja, utashangaa jinsi alivyo na msimamo.

Kwa usalama: karoti mbichi ngumu haifai kwa mtoto mdogo hadi afike kama miaka minne, ikunwe au ipikwe ilainike. Nyanya ndogo za mviringo zikatwe vipande vinne kwa urefu, njegere zibanwe kidogo. Akae chini anapokula, na asiachwe peke yake.

Kumshirikisha jikoni kulisaidia, japo sakafu iliumia. Kazi yake ilikuwa kuosha na kuchambua koliflawa kwa mikono, na vipande vingi vidogo viliishia mdomoni kabla ya kupikwa, bila mtu kumwambia.

Tulirudi nyuma mara kadhaa. Magego ya pili yalipokuwa yanaota, alikataa kila kinachotafunwa. Alipougua mafua alirudi kwenye mkate na maziwa, na akipona tulianza na mboga mbili alizozizoea kabla ya kugusa nyingine. Wageni walikuwa mtihani mwingine, maana kila mmoja anataka kumsifu au kumsukuma. Nilijifunza kuwaomba mapema, kabla hatujakaa, kwamba sahani ya mtoto isizungumzwe.

Sasa anakaribia miaka minne. Anakula njegere, karoti, maharage machanga, koliflawa, boga kwenye supu, na vichwa vya brokoli bila shina. Spinachi ya kupikwa hataki na bilinganya hataki, nazo zinaendelea kuwepo mezani zikipikwa. Gharama haikuwa ndogo: chakula kingi kilitupwa, jioni nyingi ziliharibika, na kuna kipindi niliogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya saa ile moja.

Wapo watoto ambao haya hayatawatosha, na mzazi asijilaumu wala asisubiri. Mtoto anayepungua uzito au aliyetoka kwenye mstari wake wa ukuaji apelekwe kwa daktari. Vivyo hivyo anayepaliwa au kukohoa mara kwa mara anapokula, anayetapika kila anapokutana na chakula cha namna fulani, aliyekataa kabisa vyote vilaini au vyote vigumu, au ambaye orodha yake imeshuka chini ya vyakula ishirini na anavyoviacha havirudi. Angaliwe pia choo kigumu, maana tumbo lililofunga linaua hamu ya kula, na ni kitu kinachotibika. Kuna tatizo la kuepuka chakula ambalo tangu mwaka 2013 limewekwa rasmi kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, na lina wataalamu wake. Mtoto wa namna hiyo hasaidiwi na uvumilivu wa wazazi peke yake.

Mdogo wake ana miezi minane. Mama yake alikula mboga nyingi wakati wa ujauzito na kunyonyesha, tukiwa na habari za utafiti wa Julie Mennella na wenzake wa mwaka 2001, ulioonyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti katika vipindi hivyo waliipokea ladha ya karoti vizuri zaidi walipoanza kula. Safari hii hatukuanza na boga tamu peke yake. Brokoli imeingia mapema, na inarudi kila baada ya siku chache. Anakunja uso kila kijiko kinapoingia. Zamani ningesema hapendi na kuiondoa. Sasa nasubiri nione kama mdomo unafunguka tena, na mara nyingi unafunguka, uso ukiwa bado umekunjamana.